Bwana Kutu na Maharage ya Jemadari

Kazi ya Bwana Kutu ilikuwa kuyatia maharage ugonjwa, na pale kituoni hakuna aliyeiweza kama yeye.

Kituo chenyewe cha utafiti wa mimea kilikuwa nje kidogo ya mji, pale ambapo barabara ya lami hukata tamaa na kugeuka vumbi. Nyuma ya ofisi palikuwa na banda refu la kioo, limegawanywa vyumba vyumba, na kila chumba kilikuwa na ukoo wake wa kutu. Si kutu ya mabati. Ni kuvu, ile inayochipuka kwenye majani ya maharage kama vipele vya kahawia, na ukiligusa jani kidole kinatoka kimepakwa vumbi. Kila chembe ya vumbi lile ni mbegu. Upepo ukilipata, shamba la jirani lina habari.

Asubuhi Bwana Kutu alivua nguo za nyumbani katika chumba cha mbele, akaoga, akavaa ovaroli ya kijani na buti za mpira, ndipo akaingia. Alikuwa na brashi laini ya kukung'utia vumbi kutoka kwenye majani yaliyoiva ugonjwa. Vumbi alilichanganya na maji na tone la sabuni, maana bila sabuni maji huteleza juu ya jani kama juu ya mgongo wa bata. Kisha aliyanyunyizia miche mipya kwa bomba dogo, taratibu, huku na huku, kama mtu anayemtia bibi harusi marashi. Alipomaliza aliifunika kwa nailoni ili ilale na umande. Siku zilipotimia, vipele vilichomoza, naye akavitazama kwa furaha ambayo asingeweza kumweleza mtu akaeleweka.

Alihitajika kwa sababu kuvu ile ina madeko. Haikubali kuishi chupani, wala kwenye jani lililokufa. Inataka jani lililo hai, tena changa. Kwa hiyo lazima pawepo mtu wa kuihamisha kutoka mche unaozeeka kwenda mche mwingine, la sivyo inakufa, na wataalamu wanabaki hawana cha kupimia mbegu zao.

Mche aliotumia kulelea kutu aliuita Mnyonge. Ulikuwa mharage wa zamani, wenye majani mapana ya kupendeza, na usio na kinga hata chembe. Ukiunyunyizia leo, utaugua tu, tena sawasawa, jani zima. Palikuwa na mwingine aliyeuita Mkaidi, wenye majani membamba yasiyo na mvuto. Ule ungeweza kuunyunyizia mpaka mkono uchoke, ukaendelea kukua kana kwamba umeambiwa habari za watu wengine. Kwa kazi ya Bwana Kutu, Mkaidi alikuwa kero na Mnyonge ndiye rafiki.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye elimu ya msingi basi, na haya kupita kiasi. Kwao alizaliwa wa mwisho katika nyumba ya watu wengi wanaosema wote kwa pamoja, akakua bila kupata nafasi ya kuingiza neno, na alipoipata akawa ameshazoea kunyamaza. Kituoni aliajiriwa abebe maji. Daktari, mama mmoja mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, alimkuta siku moja amejikunja mbele ya jani anaangalia vipele. Akamwita, akamkalisha kwenye hadubini. Tangu siku hiyo maji yakabebwa na mwingine.

Sasa, ovaroli za banda la kioo haziruhusiwi kutoka nje kabla hazijachemshwa. Zikishachemshwa na kukauka, zilizochanika hupelekwa kwa fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake karibu na soko. Kazi ya kupeleka ilikuwa ya yeyote. Taratibu ikawa ya Bwana Kutu. Na wenzake wakaanza kuona ajabu kwamba ovaroli zake zinachanika mifukoni, mahali ambapo mharage hauna meno ya kufikia.

Fundi alikuwa mwanamke aliyevuka umri wa kuulizwa ataolewa lini, watu wakabaki kumuuliza nguo zao zitakuwa tayari lini. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja linalotazama barabara na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kung'olea vipuri vya kutengenezea ile ya kwanza. Futi ilikuwa shingoni saa zote. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia karatasi za kukatia: ya kola, ya mkono, ya mfuko, kila moja imeandikwa kwa chaki.

Siku aliyoushika mfuko wa tatu uliochanika namna ileile, aliugeuza ndani nje, akamtazama mwenyewe.

"Hivi huko ndani mnafuga nini? Mbwa?"

"Kuvu," akajibu Bwana Kutu.

"Kuvu gani ina meno?"

Bwana Kutu aliwatazama sisimizi sakafuni mpaka mshono ukaisha, akashukuru, akaondoka. Lakini swali lilimkaa. Safari iliyofuata alikuja na jibu amelipanga njia nzima, na kwa kuwa alijua akianza kwa salamu atalisahau, alilitoa mlangoni kabla hata ya kuambiwa karibu.

Alimwonyesha zile karatasi ukutani. Akasema, kila seli ya jani, chumba kimoja kimoja kidogo kisichoonekana kwa macho, ina sanduku, na sandukuni mna karatasi za kukatia kama hizi. Zinaitwa jeni. Jani lote limekatwa kutokana nazo, upana wake na rangi yake, na hata silaha zake. Chembe ya kutu ikidondoka juu ya jani lenye maji inachipua uzi. Uzi unatambaa ukipapasa kama kipofu anayefuata ukuta, mpaka uguse mdomo wa tundu ambalo jani linapumulia. Hapo ndipo unapoingilia.

"Ikishaingia inakula," akasema fundi.

Bado, akasema Bwana Kutu. Ikishaingia inachomeka kidole ndani ya seli, polepole, bila kuipasua. Kupitia kidole kile inatuma wajumbe. Ni protini, vitu vidogo sana. Baadhi yao wanakwenda moja kwa moja mpaka sandukuni. Wanaagiza karatasi za silaha zifungwe, zile za kutoa sukari zifunguliwe. Na seli inatii, maana inadhani amri imetoka kwa mwenye nyumba.

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Kwa hiyo haivunji mlango."

"Haivunji."

"Inaingia, inakaa kwa fundi, inamwambia leo ushone hivi."

"Ndiyo."

"Nina wateja wa namna hiyo," akasema fundi, akakanyaga tena.

Kutoka siku hiyo Bwana Kutu akawa na mahali pa kusemea. Alimsimulia habari za koo za kutu, chumba kwa chumba, kama mtu anayesimulia ndugu wa mbali wenye tabia mbaya. Akamweleza kwamba Mkaidi ana karatasi moja zaidi katika sanduku lake. Karatasi hiyo hukata mlinzi, na mlinzi huyo anamjua kwa sura mjumbe mmoja wa kutu. Akimwona tu, anapiga kelele. Fundi alisikiliza huku akipiga pasi. Alikuwa na namna ya kuuliza swali moja tu, lile lililobaki. Miezi ikapita hivyo. Mwishowe, siku moja akiwa na pini mdomoni, fundi alisema ambacho Bwana Kutu asingekisema hata angepewa miaka.

"Utaendelea kuchana mifuko mpaka lini? Njoo umwone mama."

Mama yake fundi aliitwa Jemadari, na jina hilo alipewa na soko zima. Aliuza maharage, naye maharage aliyalima mwenyewe nyuma ya nyumba, katika shamba lililozungushiwa ua wa miti na lango la mbao. Mistari yake ilinyooka kama askari wa gwaride. Msimu mmoja, zamani kidogo, kutu iliingia humo. Ilipotoka hakubaki na mharage wa kujaza kikombe, na ilibidi muuza maharage aende kununua maharage, kwa mshindani wake, mbele za watu. Hakupata kuisahau aibu ile.

Bwana Kutu alikwenda siku ya mapumziko, amenyoa ndevu mpaka kidevu kinang'aa. Akabisha hodi langoni. Jemadari alifungua nusu, akapokea shikamoo yake, akamuuliza kazi anayofanya. Fundi, aliyesimama nyuma ya mama yake, alimkonyeza aseme yuko kituoni basi. Lakini Bwana Kutu alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno machache hayana pa kufichia uongo. Akasema.

Lango likafungwa. Mazungumzo yakaendelea kupitia ufa wa mbao.

"Unalea kutu," ikasema sauti ya Jemadari.

"Naam, Mama."

"Unailisha."

"Naam."

"Na ikilala unaifunika?"

"Kwa nailoni, Mama."

Fundi alikuwa ameuma khanga yake ili asicheke. Bwana Kutu alijaribu kueleza kwamba bila kutu hai hawawezi kujua ni mharage upi utakaoishinda. Jemadari akamkatiza kwamba yeye anauza maharage, hanunui maneno. Kisha kutoka kwenye ufa likaja sharti.

"Niletee mbegu unayoiamini kuliko zote. Nitaipanda katikati ya yangu. Ikisimama mpaka mavuno, nitalifungua lango hili, nitakwita mwanangu, na fundi wako utamchukua. Ikishika kutu, ukaioe hiyo kuvu yako."

Kituo kiliruhusu mbegu safi zilizobaki zigawiwe kwa anayetaka. Bwana Kutu aliingia ghalani siku iliyofuata akiwa hagusi chini kwa furaha. Makopo yalikuwa yamejipanga rafu hadi rafu, na mbegu zote karibu ni za sura moja, nyekundu zenye madoadoa meupe. Maneno ya Jemadari yalikuwa yakimzunguka kichwani: unayoiamini kuliko zote, unayoiamini kuliko zote. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo lililo usawa wa kiwiko, kopo ambalo mkono huo ulikuwa umelifungua kila wiki kwa miaka, na moyo ukaunga mkono. Huyu, moyo ukasema, hajawahi kuniangusha hata mara moja. Akachota, akatia kwenye mfuko wa kaki, akampelekea fundi ampe mama.

Mbegu ikaota yote. Majani yakafunguka mapana kama viganja. Kila jioni fundi alikuwa na habari mpya: mama amewaita majirani waone, mama amesema hajapata kuona mharage wenye afya kama ule, mama ameanza kuuliza Bwana Kutu anavaa viatu namba ngapi. Bwana Kutu alifanya kazi akipiga mluzi, jambo ambalo lilimfanya Daktari aje kuchungulia kama mtu mgeni ameingia bandani.

Ilibidi amweleze. Daktari alifurahi sana, akampongeza, akamwambia amechagua vizuri kumpa mkwe Mkaidi.

"Na majani yake yamekuwa mapana," akaongeza Bwana Kutu kwa fahari. "Kama kiganja."

Daktari akaugeukia mche uliokuwa mbele yao. Bwana Kutu naye, brashi mkononi, akalitazama tena neno alilolisema. Mkaidi hana majani mapana. Pale bandani, kama kiganja, ni majani ya mmoja tu, na huyo alikuwa mbele yake wakati huo, amejaa vipele, mtiifu kama siku zote.

Akaketi juu ya ndoo. Daktari alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akavumilia kadiri alivyoweza, halafu kile kicheko chake kikatoka na kugonga vioo vyote vya banda. Hata Bwana Kutu alicheka, bila kutaka, kama mtu anayepiga chafya. Lakini walipotulia waliona wote wawili kwamba mvua za ukungu ziko karibu. Daktari akasema ukweli ulivyo. Mnyonge hukomaa mapema, ukungu ukichelewa huenda akavunwa mzima, na hakuna atakayejua. Hakumwambia afanye lipi.

Alasiri nzima Bwana Kutu alitembea na jambo hilo kati ya vyumba. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na haya hayakuwa hata maradhi yake. Jioni alimwambia fundi. Fundi alicheka mpaka futi ikamwanguka shingoni, akaketi kwenye rundo la vitambaa akafuta machozi. Kisha akawa hacheki tena.

"Nenda umwambie wewe mwenyewe. Atakuuliza swali moja tu. Usimjibu ukitazama viatu."

Jemadari alikuwa katika hali njema kuliko siku zote. Alipomwona nje ya ua alimwita kabla hajabisha hodi, akamwambia asogee mpaka kwenye pengo la ua wanamopita kuku, aingie aone kazi ya mkono wake. Bwana Kutu akabaki nje.

"Nimetoka bandani leo, Mama. Nimeoga mara mbili, lakini siwezi kukanyaga shamba lako."

Jemadari alikunja uso, kama mtu anayeamua kama ametukanwa au ameheshimiwa. Ndipo Bwana Kutu akasema yote, pale pale nje ya ua. Kwamba mbegu ile siyo. Kwamba ndio mharage dhaifu kuliko yote waliyo nayo, ule unaotumiwa kulelea kutu. Kwamba ukungu ukishuka, mharage huo ndio utakaoanza kuugua, na vumbi lake litarukia mistari mingine yote. Ung'olewe mapema.

Jemadari aliyatazama yale majani mapana kwa muda mrefu.

"Ungenyamaza, yangeweza kupona?"

"Yangeweza, kwa bahati."

"Na binti yangu ungempata."

"Naam."

"Sasa umesema kwa nini?"

Viatu vya Bwana Kutu vilikuwa pale pale chini, vinamngoja. Aliviacha, akamtazama mama yule usoni.

"Kwa sababu maharage ni yako, Mama."

Jemadari alikohoa, akalirekebisha pindo la khanga ambalo halikuwa na kasoro. Akasema kwamba mbegu imekosewa, sharti halijakosewa. Alete nyingine. Na aje siku ambayo hajatoka kwenye hilo banda lake, aing'oe hii kwa mikono yake, maana yeye hawezi kung'oa kitu kizuri namna ile.

Daktari alimpa likizo. Fundi alimshonea suruali na shati la kitambaa ambacho hakijawahi kupita hata karibu na kituo. Tatizo likawa lango. Jemadari alikuwa amesema litafunguliwa mbegu ikisimama, na neno lake hakulirudisha hata kwa manufaa yake mwenyewe. Kwa hiyo Bwana Kutu aliingia kupitia pengo la ua, lile la kuku, kwa magoti, akifuatwa na jogoo aliyeudhika. Upande wa pili alisimama akajipangusa. Mfuko wa suruali mpya ulikuwa umechanika.

"Safari hii nakubali," akasema fundi.

Aling'oa mstari mzima, mche mmoja mmoja, na fundi alidai alimsikia akiiomba radhi kwa sauti ya chini. Katika nafasi ile walipanda Mkaidi, Jemadari akiwa amesimama na fimbo, akielekeza nafasi kati ya shimo na shimo, na kumkumbusha mtaalamu wa kituo kwamba mbegu haizikwi kama mzoga.

Kisha ukungu ukashuka. Asubuhi hukuweza kuona ng'ambo ya barabara, na umande ulikaa juu ya majani mpaka karibu adhuhuri, hali ambayo kutu ingeichagua kama ingeulizwa. Bwana Kutu alimwomba Daktari amhamishie ghalani kwa msimu ule, asije akabeba kitu kwa bahati mbaya, na akawa anapitia penye kuku kila alipopata nafasi. Kwa majirani kahawia ilianza kuonekana. Ikaingia na kwa Jemadari, kwenye majani ya chini ya mistari yake ya zamani. Kila siku alizunguka na gunia akichuma yaliyoshikwa, anayasindikiza kwa matusi ya kale. Mkaidi, katikati, alikuwa kijani. Na maganda yake mabichi yakaanza kujaa.

Fundi alifika ghalani siku moja akihema, sindano yenye uzi bado iko kifuani. Mama anamwita. Mkaidi ana madoa.

Walikwenda karibu wanakimbia. Njiani Bwana Kutu alimuuliza madoa yako vipi, na fundi akajibu yako kama madoa, yeye ni mshonaji. Aliuliza tena kama yana vumbi. Fundi hakujua. Bwana Kutu akamwomba kipande cha kitambaa cheupe, na fundi hakosi kitambaa; akakichomoa mfukoni.

Jemadari aliwangoja katikati ya shamba, jani mkononi, amelishika mbali na mwili kama hati ya kumwita mtu mahakamani. Bwana Kutu alijipenyeza uani, akasimama, akalichukua. Lilikuwa na vidoa vidogo, vikavu, vimetapakaa. Akavitazama kwa karibu sana. Akamkabidhi Jemadari kile kitambaa cheupe.

"Mama, hebu pangusa kwanza jani la mstari wako."

Jemadari alipangusa jani la mstari wake wa zamani. Kitambaa kikatoka kahawia, kama kimefutiwa ugoro.

"Sasa geuza kitambaa, pangusa hili."

Alipangusa. Kitambaa kikabaki cheupe. Alipangusa kwa nguvu, akapangusa jani jingine, na jingine, akaupangusa mche mzima kama anayemwogesha mtoto mchafu. Kitambaa kikabaki cheupe.

"Haya madoa ni nini basi?"

Bwana Kutu akachuchumaa, na wao wakachuchumaa naye. Akasema kwamba kutu ilikuja hapa kama kwingine kote. Ikapapasa, ikapata tundu, ikaingia, ikachomeka kidole, ikatuma wajumbe wake. Lakini humu ndani yumo mlinzi, na alimtambua mmoja wa wale wajumbe. Akapiga kelele. Na seli iliyosikia kelele, na jirani zake, zikajiua papo hapo. Kutu hula kilicho hai tu. Ikajikuta imekaa mezani katika nyumba ya maiti, ikafa kwa njaa kabla haijazaa.

"Kila doa ni mahali ilipofia," akasema.

Jemadari alilitazama jani. Akaweka ncha ya kidole juu ya doa moja.

"Hapa imefia."

"Naam, Mama."

"Na hapa."

"Na hapo."

Akainuka. Akaushika mche wa pili, akageuza majani. Hapa imefia. Akaenda wa tatu. Alikwenda mstari mzima hivyo, ameinama, anagusa doa kwa doa, na kadiri alivyokwenda mgongo wake ulionekana unazidi kuwa mwepesi. Ule msimu wa zamani, na kile kikombe kisichojaa, na uso wa yule mshindani wake akimpimia maharage, vyote alikuwa akivipatia sasa malipo yake, doa moja baada ya jingine. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa akicheka peke yake. Fundi alimnong'oneza Bwana Kutu kwamba hajamwona mama yake hivyo tangu yeye alipokuwa mdogo.

Aliporudi alikuwa na swali, na lilikuwa lile lililobaki. Hapo Bwana Kutu alijua fundi alirithi kwa nani.

"Na siku kutu hii ikibadilisha sura ya mjumbe wake?"

"Itabadilisha, Mama. Vumbi ni jingi mno. Iko siku chembe moja itazaliwa na jeni iliyokosewa kidogo, mjumbe wake atakuwa na uso mwingine, na mlinzi hatamjua."

"Halafu?"

"Halafu Daktari atatafuta mlinzi mwingine katika maharage ya zamani, na kumhamishia katika mapya. Ndiyo maana naifuga. Nataka niione ikibadilika kwangu kabla haijafika kwako."

Jemadari alitikisa kichwa polepole, kama anapokubali mzani wa mtu mwingine.

"Basi ilishe vizuri," akasema.

Fundi akaona wakati wake. Akamkumbusha mama yake, kwa upole wa kujifanya, kwamba mavuno bado, na sharti lilikuwa mpaka mavuno. Jemadari akamgeukia.

"Nani anayepima mavuno, wewe au mimi? Mimi nimeshavuna." Na akanyoosha mkono kwenye yale majani yenye madoa. Kisha akamtazama Bwana Kutu kwa ukali. "Wewe, toka nje."

Bwana Kutu hakuelewa. Alimtazama fundi, naye fundi hakuelewa. Lakini amri ya Jemadari haingoji kueleweka, kwa hiyo akapiga magoti, akatoka penye pengo la kuku, akasimama upande wa pili na majani kwenye nywele.

"Sasa zunguka uje langoni," ikasema sauti kutoka ndani.

Alizunguka. Alisikia komeo likivutwa, likagoma, likavutwa tena kwa maneno makali. Lango likafunguka lote, mbao mbili hadi kwenye ua, na Jemadari alikuwa amesimama upande mmoja, fundi upande mwingine, ameshika ile sindano asijue aichome wapi.

Njia ilikuwa wazi kabisa mbele yake, lakini Bwana Kutu alikuwa amelelewa hivyo.

"Hodi," akasema.

"Ingia, mwanangu," akasema Jemadari, "kabla kuku hawajakutangulia."